Wazee mnaosema zamani maisha yalikuwa na uhakika: uhakika upi, wa 1979 au wa 1983?

#1 Foleni ya RTC (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila ninapokaa na watu wa rika langu, sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mazungumzo yanaishia palepale: "Siku hizi hujui kesho itakuwaje. Zamani ulikuwa unajua." Mafuta yakipanda bei, wanasema hivyo. Mtoto akimaliza chuo akakaa nyumbani, wanasema hivyo. Vita vya Ukraine, mafuriko ya Rufiji, hivyo hivyo. Nawasikiliza halafu najiuliza kama tuliishi nchi moja.

Tukumbushane miaka kumi tu, 1977 hadi 1986.

Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Ndege, reli, bandari, posta, vyote vilivyokuwa vya pamoja vikaanza kugombaniwa. Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983. Aliyekuwa na shemeji Taveta hakuambiwa kwamba ni miaka sita. Aliambiwa tu kwamba umefungwa.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka, yakakalia eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa. Leo vita vile tunavisimulia kwa raha: Mwalimu Nyerere akasema sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo, tukaenda tukampiga, Kampala ikaanguka Aprili 1979, basi. Lakini mama wa Mutukula aliyekimbia na watoto mgongoni mwezi ule wa Oktoba alikuwa wapi na hiyo Aprili? Libya ilikuja kuingia upande wa Amin, na hakuna aliyejua nani mwingine angefuata.

Vita vikaisha, tukaambiwa tujifunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ikaisha na mkanda ukabanwa tena. Mafuta ya dunia yalikuwa yamepanda baada ya mapinduzi ya Iran, fedha za kigeni hakuna. Sukari, sabuni, viberiti, khanga, betri za redio, vyote foleni kwenye RTC, yale maduka ya serikali ya mkoa. Jumapili kuanzia saa nane mchana gari binafsi haliruhusiwi barabarani. Februari 1982 ndege ya shirika letu ikatekwa ikitoka Mwanza, ikaishia Uingereza. Mwanzoni mwa 1983 tukasikia watu wamekamatwa kwa njama za kuipindua serikali. Mwaka huohuo msako wa wahujumu uchumi, walanguzi na waficha bidhaa: watu wanamwaga bidhaa mtoni usiku, wanafukia vitenge shambani, maana hujui nani kakutaja. Kisha Nguvu Kazi, unakamatwa mjini huna kitambulisho cha kazi, unapelekwa kulima. Aprili 1984 Waziri Mkuu Sokoine anafariki kwa ajali pale Dakawa. 1985 Mwalimu anang'atuka, nchi haijawahi kuwa na rais mwingine. Katikati ya 1986 shilingi inashushwa kutoka kama 17 kwa dola hadi 40.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yanajulikana?

Mimi naona hivi. Zamani inaonekana ina uhakika kwa sababu tunajua ilivyokwisha. Yale tuliyoyaogopa na hayakutokea tumeyasahau kabisa, hayamo kwenye historia wala kwenye masimulizi ya msibani. Leo bado haijaisha, kwa hiyo hofu zake zote ziko hai, za kweli na za bure zimechanganyika.

Kwa hiyo ombi langu kwa mliokuwa watu wazima wakati ule: msitusimulie kilichotokea. Hicho tunakijua. Tuambieni mlidhani kitatokea nini.

#2 Mzee wa Nyamagana

Mleta mada, umeorodhesha shida. Shida na wasiwasi ni vitu viwili.

Mwaka 1979 mimi nilikuwa mwalimu tayari, Mwanza. Vita nilivisikia kwa masikio yangu, si kwa kusimuliwa. Usiku taa tunazima, mahandaki tumechimba, na bomu la ndege ya Walibya lililokusudiwa mji lilienda kuua swala kwenye kisiwa cha Saanane. Kwa hiyo usinifundishe.

Lakini sikiliza. Nilipomaliza chuo cha ualimu sikuandika barua ya kuomba kazi hata moja. Barua ndiyo iliyonitafuta: umepangwa kituo fulani, ripoti tarehe fulani, hati ya usafiri hii hapa. Mshahara mdogo, ila upo. Nyumba ya mwalimu mbovu, ila ipo. Aliyetoka Mlimani na digrii yake alijua kabisa serikali itampangia. Mwanangu wa mwisho ana digrii mbili na anauza vifuniko vya simu Makoroboi.

Sukari haipo, tulijua haipo. Huo nao ni uhakika.

#3 Himo Mjini

Haipo kwenu mzee wangu. Himo, njia ya magendo ya Kenya, ilikuwepo.

#4 Binti Shangani

Assalam alaikum. Nyinyi wa bara mnaanzia 1977, sisi Unguja tuna zetu.

Mama yangu alikuwa msichana wa skuli Januari 1964. Wiki tano tu kabla, Disemba 10, watu walisherehekea uhuru kutoka kwa Mwingereza, bendera mpya, Sultani yupo, waziri mkuu yupo. Januari 12 asubuhi hakuna kati ya hao aliyebaki. Katika mitaa yetu kuna nyumba zilizokuwa zimepangwa harusi mwezi ule. Mtu anayeniambia watu wa zamani walijua kesho yao namuuliza: wa wapi hao?

Halafu mwanzoni mwa sabini chakula cha mgao, mchele, unga na sukari kwa kipimo, na huku karafuu inauzwa vizuri nje na fedha za kigeni serikali inazo. Aprili 1972 Mzee Karume akauawa pale Kisiwandui. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka milango ilivyofungwa mapema.

Mleta mada kauliza tulidhani nini. Januari 1984, "hali ya hewa ya kisiasa imechafuka", Mzee Jumbe, Rais wa Zanzibar, kajiuzulu. Nyumbani kwetu waliamini kabisa kuwa Muungano unakufa mwaka ule. Baba alikuwa na mzigo wa biashara Dar, akaenda kuurudisha upesi upesi kwa hasara. Muungano haukufa. Leo ukimuuliza yeyote wa rika lake atakwambia, "Aa, tulijua yatapita." Wallahi hawakujua.

#5 Dogo Takwimu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, niongeze kidogo hapo kwenye "tulijua yatapita", maana jambo hilo lilishapimwa.

Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani alipanga kwenda Beijing na baadaye Moscow, safari ambazo hakuna aliyezitarajia. Mtafiti Baruch Fischhoff na mwenzake Ruth Beyth, wakiwa Israel, waliwauliza wanafunzi kabla ya safari: unaona kuna uwezekano gani kwamba Nixon atakutana na Mao? Kwamba safari itatangazwa kuwa ya mafanikio? Kila mmoja akaandika namba zake. Safari zikapita. Baadaye wakawaita tena wakawaambia: kumbuka ulijibu nini wakati ule.

Wengi walikumbuka vibaya, na walikosea kwa upande mmoja. Jambo lililotokea, walijikumbuka wakiwa wamelipa nafasi kubwa kuliko walivyoandika. Lisilotokea, walijikumbuka wakiwa wamelipa nafasi ndogo. Hawakuwa wanadanganya. Matokeo yakishaingia kichwani yanafuta hali ya kutokujua uliyokuwa nayo, na hakuna mlango wa kurudi.

Ni sawa na kutazama marudio ya mechi ya Simba na Yanga: penalti ya dakika ya 90 haikutoi jasho tena kwa sababu unajua ilipaa.

Mzee wa Nyamagana, kwa heshima zote, ungekuwa na barua uliyoiandika 1980 ukiwa kijana tungeilinganisha na unavyosema leo.

#6 Mzee wa Nyamagana

Marahaba. Barua ninazo, na hutazisoma.

#7 Kamau wa Nakuru

Hamjambo wenzetu wa upande huo. Huyo kijana amenigusa, kwa sababu Kenya hii ndiyo stori yetu.

Agosti 1, 1982, Jumapili asubuhi, redio ya taifa inatangaza serikali imepinduliwa, wanajeshi wa anga wameshika nchi. Kufikia jioni jaribio limezimwa. Leo likisimuliwa ni kama mchezo wa watoto uliofeli, wazee wanacheka. Ile asubuhi hakuna aliyecheka. Miaka miwili baadaye kiangazi cha 1984, mahindi ya manjano kutoka Amerika, tukala tukinung'unika.

Lakini mfano mzuri ni 2007. Nilikuwa na duka hapa Nakuru. Nakuapia, Disemba 26 mwaka huo, siku moja kabla ya kura, ukiuliza mtu yeyote nchi gani Afrika Mashariki imetulia angesema Kenya. Tulikuwa tukiwahurumia majirani. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 na usiku huohuo moto ukaanza. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, mamia ya maelfu wakahama.

Sasa hivi tafuta Mkenya mmoja asiyesema "tuliona ikija". Kila mtu aliona ikija! Basi mbona nilijaza duka stoki ya Januari? Mbona jirani yangu aliyehamia kutoka mkoa mwingine alikuwa anaongeza chumba? Kama tuliona, tulikuwa wajinga kiasi gani?

Kwa hiyo inaenda njia zote mbili. Zilizopita salama tunasema tulijua zitapita, na zilizotuchoma tunasema tulijua zitachoma.

#8 Bodaboda Msomi

Nimesoma mpaka hapa na naona mnamwonea Mzee wa Nyamagana. Hoja ya Dogo naikubali, kumbukumbu inadanganya. Ila haimaanishi kwamba wasiwasi wote ni sawa.

Nyinyi mlikosa sukari wote. Mkuu wa shule, mfagiaji na karani wa benki, foleni moja. Leo sukari imejaa dukani na mimi peke yangu ndiye sijui kama nitainunua. Nina digrii ya 2019. Nimeomba ajira mara zisizohesabika, usaili unaita watu elfu kwa nafasi kumi. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku hesabu ya tajiri. Mke akiugua usiku naingia kwenye mkopo wa simu, ukishindwa kulipa wanawapigia ndugu zako wote kwenye namba zako wakuaibishe. Mama yangu yuko kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali, kila wiki rejesho.

1983 wasiwasi ulikuwa wa serikali: je, mafuta yatapatikana, je, msaada utakuja. Mtu mmoja mmoja alikuwa amejificha nyuma yake. Sasa serikali mambo yake yako sawa kiasi, barabara zinajengwa, na wasiwasi umeshushwa chini mpaka kwa mtu mmoja na pikipiki yake. Takwimu za taifa zinaweza kuonyesha mambo yametulia na bado kila mtu akalala macho.

Hapo mleta mada unasemaje?

#9 Foleni ya RTC (mleta mada)

Nasema hapo umenipata, kaka. Sina jibu zuri la kausha damu.

Ila "mtu mmoja mmoja alikuwa amejificha" inategemea mtu gani. Mwalimu wa shule alijificha, karani alijificha. Walioajiriwa walikuwa wachache mno nchi hii, waliobaki ni wakulima. Mkulima wa 1974 alivunjiwa nyumba akahamishiwa kijiji cha ujamaa, mara nyingi msimu wa kupanda, na ukame ndio huo. 1976 chama chake cha ushirika kikavunjwa, pamba anawauzia mamlaka, malipo yanakuja yanapokuja. Hao hatuwasikii wakisema zamani kulikuwa na uhakika, maana hawako humu mtandaoni. Tuliobaki kusimulia ni watoto wa watumishi. Na tulikuwa watoto. Wasiwasi wa nyumba ulibebwa na mama, sisi tulibeba chupa ya mafuta ya taa tu.

#10 Muuguzi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi, na jambo kubwa kuliko yote hamjaligusa.

Nilianza kazi wodi ya watoto mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wakati nchi inapata uhuru, katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai, zaidi ya 200 hawakufika miaka mitano. Mmoja kati ya watano hivi. Surua ikiingia kijijini tulikuwa tunapokea mama watatu, wanne kwa usiku mmoja, na asubuhi baadhi wanatoka mikono mitupu. Utafiti wa afya wa 2022 umekuta 43 kwa 1000. Bado ni wengi, lakini hebu linganisheni.

Mnauliza kwa nini bibi zenu walizaa wanane? Mbali na mengine, hakuna aliyekuwa na uhakika nani atabaki. Mama alikuwa hawezi kuzaa wawili akasema nimemaliza, kama mnavyofanya nyinyi na mna haki ya kufanya. Mtu anaweza kupanga elimu ya mtoto ambaye anaamini ataishi.

Na kwa nini hamkumbuki? Kwa sababu mnaosoma hapa ni wale walioishi. Kila mmoja wenu akitazama nyuma anaona safari iliyofika.

Niliulizwa tulidhani nini. Nitasema. Mwaka 1983 nilikuwa Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipoonekana. Wanakonda, wanaharisha, hakuna dawa inayogusa. Watu waliuita "Juliana", kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinatoka Uganda, kwa kuwa vijana wa biashara ile ndio walioanza kuugua. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini, sisi wauguzi tukikaa kunywa chai tulikuwa tunaamini kwamba vijiji vyote vile vitabaki na wazee na vitoto. Hatukusema kwa kutia chumvi. Tulihesabu. Kuna waliouza mashamba ya migomba wakihama, wakisema hapa hapatabaki mtu.

Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini 2004. Niliwazika wengi kabla ya hapo, wakiwemo wenzangu kazini. Lakini vijiji havikuisha. Na nikiwaambia vijana wa kule sasa kwamba tulidhani watakwisha, wananitazama kama nimechanganyikiwa.

#11 Himo Mjini

Mama, shikamoo. Nilitaka kuleta utani mwingine hapa, nimeuweka.

#12 Ndugu wa Bukavu

Jambo wote. Mimi ni wa Kivu, niseme kidogo. Kwetu watu hawasemi sana kama zamani ilikuwa na uhakika, kwa sababu ilivyoisha si vizuri, na bado haijaisha.

Lakini hata sisi tuko na wazee wa kusifu wakati wa Mobutu. Nawakumbusha Noeli ya 1979: tarehe 25 Desemba serikali ilitangaza noti za zaïre tano na kumi hazina tena bei, mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku kidogo tu za kubadilisha, na kiasi chenyewe kikawekewa mpaka. Mtu wa kijiji aliyefungia pesa ya kahawa ndani ya nguo aliamka bila kitu. Hao wazee wanaitikia kichwa, kisha wanasema: "Lakini kulikuwa usalama." Nafikiri wanalinganisha na vita vya 1996 na yaliyofuata. Wanapima Mobutu na kilichokuja nyuma yake. Siku ile ya Noeli hawakuwa na cha kulinganisha.

#13 Bodaboda Msomi

Mama Muuguzi umenifanya niangalie mwanangu mara mbili. Ahsante.

Swali jingine: habari nazo? Leo naamka, kabla sijapiga mswaki nimeshaona maporomoko ya Hanang, vita Sudan, dola imepanda, mtu kachinjwa mkoa ambao sijawahi kufika. Nyinyi mlikuwa na RTD, redio ya taifa, basi.

#14 Foleni ya RTC (mleta mada)

RTD, *Uhuru* na *Daily News*. Taarifa ya habari saa mbili usiku, na bei ya betri ikikushinda hata hiyo hupati. Ukame wa Sahel ulikuwepo, Waethiopia walikuwa wanakufa njaa, Marekani na Urusi walikuwa wameelekezeana makombora ya nyuklia ya kutosha kumaliza kila mtu. Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilionyesha kimakosa kwamba makombora yanakuja, na ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaamua kutoliamini onyo lile. Sisi usiku ule tulikuwa tunafikiria sabuni. Tungekuwa na simu janja 1983 nadhani nusu ya nchi isingelala mwaka mzima.

Ila uvumi ulikuwepo, tena mkali kuliko wa sasa, kwa sababu hakukuwa na pa kuuhakikisha. Kwenye foleni ungesikia mchele umeshushwa bandarini, ungesikia jeshi limeasi, ungesikia fedha zinabadilishwa kesho. Siku moja moja uvumi ulikuwa kweli.

Dogo, ukitaka barua ambazo Mzee amekunyima, nenda pale Mlimani, maktaba ina sehemu ya East Africana. Chukua magazeti ya wakati ule. Ruka kurasa za hotuba, tafuta za wasomaji na matangazo madogo.

#15 Mzee wa Nyamagana

Nimefikiri tangu mchana. Haya, nijibu swali la mleta mada ili nisionekane mbishi.

Novemba 1985 Mwalimu alipomkabidhi Mwinyi, mimi niliamini nchi itavurugika kabla ya miaka miwili. Nilikuwa naangalia majirani, Uganda Obote kapinduliwa Julai mwaka uleule. Nilimpeleka mke wangu na watoto kijijini Magu, nikawajengea kihenge kipya, nikanunua mbuzi. Nilibaki mjini peke yangu nikisubiri vurugu. Vurugu haikuja. Ilikuja mitumba. Mke wangu alirudi mwenyewe kwa hasira baada ya kusikia sokoni kuna nguo.

Hilo sijawahi kumsimulia mtu, kwa kuwa hakuna la kusimulia. Hakikutokea chochote.

Lakini kwenye ajira sirudi nyuma. Barua yangu ya kituo ilikuwa uhakika, na hakuna utafiti wa Nixon utakaoniondolea.

#16 Dogo Takwimu

Hakuna wa kukuondolea mzee, hiyo ni yako kweli.

Naomba tufanye jambo moja kabla uzi haujazama. Kila mtu aandike hapa hofu yake kubwa kuelekea 2030, na kwa namba: kati ya kumi, unaipa ngapi? Usiibadilishe baadaye. Ikifika 2030 tunaufufua uzi. Naanza: sitapata kazi ya fani yangu, nane kwa kumi.

#17 Bodaboda Msomi

Pikipiki kuchukuliwa kabla mkataba haujaisha, sita. Mvua za msimu kukosekana miaka miwili mfululizo kwa wazazi kule Dodoma, saba.

#18 Binti Shangani

Maji ya bahari kuingia mashamba ya mpunga kwetu, tano. Ajira kwa wanangu, tisa.

#19 Kamau wa Nakuru

Uchaguzi wetu wa 2027. Nne. Nimeandika nne, msije mkasema baadaye niliona ikija.

#20 Himo Mjini

Parachichi, tisa kwa kumi. Kila mtu kang'oa kahawa kapanda parachichi. 2030 tutayalisha ng'ombe, na wote mtasema mlijua.